Tundu Katikati ya Ngatu

Ohonua, Eua, Tonga
11 Februari 2019

Mwanangu Kalolaine,

Kaa kwanza ndio usome, maana leo nina mengi. Huku sote tupo na tunakula. Nguruwe mweusi kazaa saba, hakufa hata mmoja. Kaburi la baba yako nimelimwagia mchanga mweupe mpya na kulipanga maua upya. Sasa ukipita njiani unaliona hilo kabla ya makaburi mengine yote, na mimi napita kila siku makusudi. Shangazi yako Siutiti anakusalimu. Mdomo wake bado mzima.

Kwenye simu ya Krismasi ulisema nisikupigie tena, tuandikiane, kwa sababu unautaka mwandiko wangu uubandike kwenye daftari lako la sanaa. Basi nimenunua kalamu mbili. Mimi niliyetolewa shule na miaka kumi na mitatu nikagonge magome ya miti yawe kitambaa cha ngatu, leo mwandiko wangu unatafutwa Australia! Nimemwambia mke wa mchungaji. Nimemwambia na mwenye duka, ingawa hakuuliza.

Ukurasa ulionichania umefika salama. Ile karatasi ya boksi la zabibu yenye jua, mfuko wa chai uliokaushwa ukashonwa kwa uzi mwekundu, halafu rangi ya buluu juu yake kama bahari ya upande wetu wa nyuma. Na zile duara ndogo za karatasi ya fedha nimezihesabu, kumi na nne, zinametameta kama nyota. Unazitoa wapi? Nimeutundika ukumbi wa kanisa. Siutiti kasimama mbele yake, kainamisha kichwa, akasema, "Wifi, huku kwetu mfuko wa chai ukishatumika unatupwa."

Nikamwambia, "Ndiyo maana, wifi yangu, hakuna kitu chako kilichowahi kutundikwa ukutani."

Akina mama walicheka mpaka wakaacha kugonga. Tumeanza ngatu kubwa, pingili hamsini, ya kukutandikia siku utakayorudi. Nimeshawaambia watu wote: Novemba, ukumbi mpya ukifunguliwa, Kalolaine anakuja na daftari zima. Mke wa mchungaji kakuachia ukuta mzima wa upande wa bahari. Kazi yako hiyo ya kubandika umeirithi kwangu, usijidanganye. Ngatu ni nini kama si vipande juu ya vipande? Gome likitoboka, tundu naliziba mimi, na mke wa mchungaji akivaa miwani yake haoni palipozibwa. Kijiji kizima wanajua: tundu ni la Fusi, na Fusi ni mimi.

Niandikie upesi. Mama yako.


Melbourne
8 Machi 2019

Mama mpenzi,

Nimekaa kama ulivyosema. Nimecheka peke yangu kuhusu mfuko wa chai. Vasiti, yule Mfiji niliyekuwa naye shambani, anakusalimu. Huja kunitazama mwisho wa wiki.

Usishangae anwani. Nimeondoka shambani Mildura kwa muda. Msimu wa zabibu unaisha na nimepata mahali huku mjini, jengo kubwa lenye lifti nyingi. Nakaa sana, natembea kidogo, kwa hiyo daftari linakwenda mbio. Kila kinachopita mkononi nakibandika. Ukurasa huu niliokutumia nimeutandika shashi, nikaipaka chai, nikachora juu yake ule mteremko wa kwenda kisimani.

Mama, nina maombi mawili. Nikatie kipande cha ngatu, kama kiganja tu. Na unielekeze ile gundi yenu ya muhogo, kwa sababu gundi ya dukani harufu yake inanichefua siku hizi.

Kuhusu Novemba, tutaona. Usiwaambie watu sana.

Kalolaine.


Ohonua
2 Aprili 2019

Kalolaine,

Huku mvua. Nguruwe wamebaki sita, mmoja kaliwa Jumapili na magimbi, Mungu atusamehe alikuwa mtamu.

Sasa niambie. Harufu inakuchefua? Mimi nilichefuliwa na harufu miaka ishirini na sita iliyopita, na dawa yake ikawa wewe. Kama kuna mtu, andika jina lake na jina la baba yake, basi. Sitapiga kelele. Nitapiga kidogo.

Ukurasa wa shashi nimeutundika kando ya ule wa kwanza. Kitambaa laini hivyo! Nimewaambia ni cha maarusi. Na pembeni nimeona umebandika ule ukanda wa plastiki wenye jina lako lote na tarehe ya kuzaliwa, vimepigwa kwa mashine. Kumbe kwenye hilo jengo lako mnavaa majina mkononi! Nimemwonyesha mwenye duka. Kijana wake yuko polisi New Zealand na jina lake limeandikwa kifuani, si kwa mashine ya namna hii.

Gundi: chemsha muhogo, uutoe kabla haujaiva, ndani uwe bado mgumu. Ushike kama sabuni, usugue kwenye gome. Ndiyo yote. Haina harufu, na haiachii.

Ngatu siwezi. Unajua mwenyewe. Tukigawana tunakata kwenye mstari, pingili kwa pingili, hakuna anayetoboa katikati kama panya. Ya kwako ina pingili thelathini na moja sasa. Utalala juu yake nzima.

Nimeshawaambia watu sana. Ungeniambia mapema.

Mama.


Melbourne
5 Mei 2019

Mama,

Barua yako ilikaa kwa Vasiti, ndiyo maana nimechelewa. Leo ni Jumapili ya watoto. Nilijua mmevaa nguo nyeupe na watoto wanasema aya zao, nikawa nazisema nami humu ndani kwa sauti ya chini.

Hakuna mtu, mama, wala jina la baba yake. Laiti ingekuwa hivyo.

Gundi ya muhogo inashika vizuri. Vasiti alichemsha, nikasugua mwenyewe. Nimeitumia kwenye ukurasa huu. Hizo ni nywele zangu. Nilizipanga kama mkondo wa maji unaoingia pangoni, zile nyeusi chini, uzi mweupe juu. Nadhani ndio ukurasa mzuri kuliko zote nilizofanya. Utazame kidogo kabla hujamwonyesha mtu.

Kalolaine.


Ohonua
3 Juni 2019

Kalolaine,

Sina salamu. Nani kafa?

Msichana wa Kitonga hakati nywele zake hivi hivi, ila kwa msiba. Nilikutunzia nywele hizo tangu utotoni, nikazipaka mafuta ya nazi kila Jumamosi, na zilikufika kiunoni, watu waligeuka barabarani. Hukuzikata hata siku ya maziko ya baba yako ila ncha, kwa sababu nilimwomba shangazi yako akuhurumie. Sasa nazikuta kwenye karatasi, shada zima! Nikasema, basi kafa mkubwa wa upande wa baba yake, huko ng'ambo wamepata habari kabla yetu, na mimi huku nimevaa rangi kama mjinga.

Nikavaa mkeka wangu wa msiba kiunoni nikatoka. Nilikwenda nyumba tatu za ukoo wa baba yako, moja baada ya nyingine, kuuliza kwa adabu. Nyumba ya kwanza walinipa chai. Ya pili walinitazama. Ya tatu ni kwa baba yako mkubwa Paula, yule anayeumwa mguu, amelala barazani. Aliponiona na mkeka wa msiba akapiga kelele, "Fusi! Umekuja kunipima? Bado nipo! Mwambie huyo anayekutuma bado nakula!"

Nimepata aibu ya mwaka mzima kwa siku moja. Kwa hiyo nijibu wazi. Nani?

Mama yako.


Melbourne
21 Juni 2019

Mama,

Hajafa mtu. Mwombe radhi baba mkubwa.

Ni nywele tu. Ni sanaa, watu huku wanabandika kila kitu. Usiulize tena, na tafadhali ukurasa ule usimwonyeshe shangazi.

Kalolaine.


Ohonua
15 Julai 2019

Mwanangu,

Barua yako ilichelewa. Nilikuwa nimeshamwonyesha.

Nilimpelekea kwa hasira. Nilijua haki ya kukata nywele za msiba katika ukoo huu ni ya Siutiti na mkasi wake, nikadhani kakukatia mtu mwingine huko bila yeye kujua, na nikataka nimwone akiumia kidogo. Unajua tulivyo. Alikuwa anaanika majani ya mkeka. Akafuta mikono, akachukua ukurasa, akakaa nao mlangoni penye mwanga. Akatazama muda mrefu. Nikamwambia, "Wifi, umeishiwa maneno leo?"

Akatoa unywele mmoja kwenye gundi kwa kucha, taratibu, akaushika juu. Akasema, "Fusi, njoo uone. Hizi hazikukatwa."

Nikasema, "Zimetokaje basi?"

"Nimekata nywele za watu miaka arobaini. Ya kukatwa ncha yake kama nyasi zilizofyekwa. Hii ina mzizi. Tazama, kitone cheupe. Na hii. Na hii. Zote zina mizizi." Akanirudishia ukurasa kwa mikono miwili. "Zimeng'oka, wifi. Zimetoka kichwani zenyewe."

Nikamwambia mwongo. Nikamwambia maneno mengine pia. Akanivutia kigoda nikae, na hapo ndipo nilipoogopa, maana Siutiti hajawahi kunikaribisha kiti.

Nikaenda ukumbini, nikateremsha kurasa zako zote. Nikazipanga chini, nikazitazama kama ngatu ya mtu mwingine niliyoletewa nitafute tundu. Zile nyota kumi na nne ni karatasi za vidonge. Shashi si ya maarusi, ni ya kufungia vidonda. Ukanda wenye jina lako si wa kazini, mama mwenzangu mmoja alifungwa wa hivyo hospitali ya Nuku'alofa alipopasuliwa, na nilimwona nao kwa macho yangu. Hukunificha kitu, Kalolaine. Kila kitu ulikibandika mbele ya macho yangu, na mimi nikakitundika ukutani nikakisifu.

Sikuulizi tena nani kafa. Nakuuliza, ni nini, na jengo hilo unalala ghorofa ya ngapi. Nimeanza kutafuta kibali cha kuja.

Mama.


Melbourne
5 Agosti 2019

Mama,

Ghorofa ya sita. Ni saratani ya damu. Ilianza shambani Novemba, nilikuwa nachoka na kupata alama za buluu mikononi, nikadhani ni maboksi. Kabla ya Krismasi walishaniambia. Ndiyo maana nikakataa simu. Sauti ungeisikia, ungejua.

Nilitaka kukuambia. Kila barua niliianza hivyo, halafu yako inafika: umemwambia mke wa mchungaji, umemwambia mwenye duka, ukuta mzima wa upande wa bahari. Ningekuambiaje, mama? Ulikuwa unafurahi sana. Nikasema acha nimbandikie, atakapochoka kujisifu ataona mwenyewe. Najua si vizuri kukuandikia hivi. Nimekasirika nawe kidogo, na nakukumbuka sana, vyote viko pamoja.

Dawa ya kwanza haikushika. Ya pili wamemaliza kunipa wiki iliyopita. Daktari ni mama mmoja mpole, ananiketia kitandani kabla ya kusema, kwa hiyo akiketi tu najua. Juzi aliketi. Novemba usinihesabie.

Nimebakiza kurasa nne. Bado nakitaka kile kipande cha ngatu, kama kiganja.

Usiwaambie watu.

Kalolaine.


Ohonua
26 Agosti 2019

Mwanangu Kalolaine,

Nimewaambia watu. Nisamehe, ila mara hii si kujisifu. Jumapili baada ya ibada nilisimama nikasema, ule ukuta jazeni kitu kingine, binti yangu haji, anaumwa, na mimi nimekuwa nikiwaonyesha ugonjwa wake tangu Februari nikiuita nyota. Nikakaa. Mwenye duka alilia kabla yangu. Tangu hapo wanakuombea kila siku kabla ya kazi, hata baba yako mkubwa Paula kabebwa na kiti chake.

Kibali bado. Wanataka karatasi ya daktari wako, nimepeleka. Kisha karatasi ya kuonyesha nitarudi. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba nina nguruwe sita na kaburi la mume, nitaacha kurudi niende wapi? Yule dada wa ofisini kasema hiyo haitoshi. Kila Jumatatu napanda meli kwenda Nuku'alofa kuuliza, kila Jumanne narudi.

Kwa hiyo natanguliza hiki.

Ngatu ilikuwa imekamilika, pingili hamsini, rangi imekauka. Nimeitandaza ukumbini, nikavua viatu, nikaenda katikati kabisa, penye mstari mweusi wa rangi ya koka. Akina mama wakadhani nakagua. Nilipotoa kisu mke wa mchungaji akasema, "Fusi, mwanzo uko pembeni huku!" Siutiti akamwambia, "Mwache." Akaja akapiga magoti, akanishikia gome lisichanike. Nikaweka kiganja changu cha kushoto, nikakata nikikizunguka. Nilipokinyanyua kipande, chini yake palionekana sakafu.

Kibandike na muhogo. Usiache hewa katikati, sukuma kwa kidole gumba kutoka ndani kwenda nje, kama nilivyokufundisha ukiwa na miaka sita na ukala gundi yote.

Shangazi yako anasema ulikuwa msanii tangu siku hiyo. Kasema yeye, si mimi.

Mama.


Melbourne
19 Septemba 2019

Mama,

Maneno ni yangu, Vasiti anashika kalamu.

Kimefika. Nimekibandika mwenyewe, alinisaidia muhogo tu. Harufu yake ni ya nyumbani, moshi na koka, nesi aliinama akanusa akauliza ni nini, nikamwambia ni mkono wa mama yangu. Hakuelewa. Nimeweka kiganja changu juu yake, chako kikubwa kuliko changu sasa.

Ukurasa unaotazamana nacho ndio wa mwisho. Nimeuacha mweupe. Ni wako. Bandika unachotaka, ila kiwe cha kweli.

Usikimbilie meli kwenye upepo.

Kalolaine.


Ohonua
25 Novemba 2019

Mwanangu Kalolaine,

Barua hii haipandi meli. Naiandika juu ya ukurasa wako wa mwisho, chini ya hicho nilichobandika, kwa hiyo lazima iwe fupi, na unajua mimi ufupi siujui.

Ulifika nyumbani Oktoba, tarehe kumi na mbili. Vasiti alikuleta, na daftari alilipakata mapajani njia nzima. Ni mtoto mzuri, anakula vizuri. Akaniambia ulikuwa unamwuliza kila Jumanne kama meli imerudi na habari.

Kibali changu kimefika siku tisa baadaye. Ndicho hiki hapa juu. Kina jina langu lote, limepigwa kwa mashine kama lako, na muhuri, na kinasema naruhusiwa kukaa miezi mitatu. Nimesugua muhogo, nimesukuma hewa kutoka ndani kwenda nje. Ulisema kiwe cha kweli. Nikifunga daftari, kinalala juu ya kipande cha ngatu.

Zile kurasa za ukumbini nimezishona zilikotoka, kila mmoja mahali pake. Wa nywele nimeushona mwisho. Siku ya maziko yako Siutiti alikaa kichwani kwako, ilivyo haki yake, na mkasi mapajani. Akakata nywele za waliopaswa. Nilipokaa mbele yake akasema, "Wifi, wewe hulazimiki." Nikamwambia kata. Akakata kwenye shingo. Nimebandika kishungi kimoja kando ya zako. Zako zina mizizi, zangu hazina. Shangazi yako ndiye atakayejua tofauti, na yeye hahitaji kuelezwa.

Ulilala juu ya ngatu yako, pingili zote hamsini, kama nilivyokuahidi. Wageni wa Nuku'alofa waliona tundu. Mama mmoja aliniinamia sikioni, kwa wema tu, akasema, "Fusi, tumesikia sifa zako, hata kabla ya leo hukupata nafasi ya kuliziba?"

Nikamwambia kipande chake kiko kwenye kitabu cha binti yangu, na binti yangu ni msanii, na kitabu kiko kabatini kwangu, aje akione, asije na mikono michafu.

Tundu sikuliziba.

Mama yako,
Fusi.